Siku Sita Thelujini na Watoto: Msitu, Ziwa Lililoganda na Kibanda cha Mbao

Msafara ni wa watu wanne: wazazi wawili, mtoto wa miaka 9 anayetembea kwa miguu yake, na wa miaka 4 anayevutwa kwenye sledi, chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji. Njia ni kilomita 6 za msitu tambarare, halafu kilomita 2 juu ya ziwa lililoganda, hadi kibanda chenye jiko la kuni. Ni mwishoni mwa Februari. Baridi ingali na nguvu na barafu imeshanenepa, lakini kwenye nyuzi 60 kaskazini mchana umeshafika urefu wa kama saa 10. Katikati ya Desemba haufiki hata saa 6, na familia yenye mtoto mdogo hutumia saa 2 nzima kabla hata ya kuanza kutembea. Anayepanga tarehe atazame kwanza mwanga, kipimajoto baadaye.

Mizigo, mwendo na mapumziko yote ya safari hii yamepangwa kwa mambo mawili: jasho linadhuru kuliko baridi kavu, na anayepoa haraka ni yule aliyekaa. Kwa hiyo kila uamuzi unapimwa kwa mtoto aliye kwenye sledi, si kwa mzazi anayeivuta.

Siku ya 1: kufunga mizigo, barabarani. −6°C, theluji nyepesi

Nguo za pamba zimetolewa zote, hadi fulana za kulalia. Pamba hunyonya jasho na kulikalisha ngozini. Sufu nayo hunyonya, ila huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu, na polyesta hukauka upesi. Kila mtoto ana nguo za ndani za sufu, juu na chini, jozi 2, sweta nene, suruali na jaketi la nje lisilopitisha upepo, jaketi jingine nene la manyoya la kuvaa wakati wa kukaa, soksi za sufu jozi 4, na glavu jozi 3. Glavu ni zile za mfuko, ambamo vidole vinne hukaa chumba kimoja vikapashana joto. Jozi 3 si nyingi. Ya kwanza hulowa kabla ya adhuhuri, ya pili hudondoka njiani bila mtu kuona, na ya tatu ndiyo inayowafikisha.

Buti ziwe kubwa kwa namba moja. Kosa la kawaida ni kumvisha mtoto soksi mbili nene ndani ya buti inayobana: mguu unabanwa, damu haifiki vidoleni, na ganzi inaingia ingawa soksi ni nzuri. Akishavaa, aweze kuchezesha vidole vyote. Asipoweza, soksi moja itolewe.

Kwenye gari, jaketi nene huvuliwa kabla ya kufunga mkanda wa kiti cha mtoto. Gari likigonga, unene wa jaketi hubonyea papo hapo, mkanda unabaki umelegea na mtoto anaweza kuchomoka. Mkanda ufungwe juu ya sweta, ukazwe hadi usifinyike kati ya vidole hapo begani, ndipo jaketi livalishwe kinyumenyume juu yake.

Matairi ni ya majira ya baridi. Raba ya tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya 7°C, kwa hiyo suala si theluji peke yake. Koleo, blanketi na chakula vinakaa ndani pamoja na abiria, kwa sababu mlango wa nyuma wa mizigo unaweza kuganda usifunguke. Gari likikwama, kabla ya kuwasha injini mtu atoke aondoe theluji iliyoziba bomba la moshi. Bomba likiziba, kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, huingia ndani ya gari, nayo haina harufu wala rangi. Baada ya hapo injini iwashwe kama dakika 10 kwa kila saa, dirisha la upande usiopigwa na upepo likiwa wazi kidogo.

Usiku ni wa nyumba ya wageni mwanzoni mwa njia. Glavu na buti hazibaki garini. Zinaingia ndani, zianze kesho zikiwa kavu na vuguvugu.

Siku ya 2: msituni, kilomita 6. −12°C, hakuna upepo, theluji mpya sentimita 25

Utaratibu wa kuvaa ni huu: wote waende chooni kwanza. Kisha wakubwa wavae, watoke, wafunge mizigo kwenye sledi. Mtoto mdogo avae wa mwisho na kutoka papo hapo. Mtoto aliyevaa nguo zote chumbani penye 20°C hutoka jasho ndani ya dakika chache, na jasho hilo litamtesa mchana kutwa.

Sledi ziko mbili, moja ya mtoto na moja ya mizigo, kila mzazi na yake. Zinavutwa kwa fito mbili ngumu zilizofungwa kwenye mkanda wa kiunoni, si kwa kamba. Kamba haizuii kitu kwenye mteremko: sledi hukimbia ikamgonga mvutaji visigino. Vitu vizito vinalala chini, katikati, vikielemea nyuma kidogo. Vikisogezwa mbele, pua ya sledi huchimba theluji na kila hatua inakuwa kazi. Vikirundikwa juu, sledi hupinduka kwenye kona ya kwanza.

Mtoto anakaa juu ya mkeka wa sponji wa sentimita 2, juu yake ngozi ya kondoo, na miguu imeingia kwenye mfuko wa kulalia hadi kwapani. Amevaa zaidi ya wanaotembea, kwa kuwa misuli yake haifanyi kazi. Kila dakika 20 hadi 30 msafara unasimama na mzazi anaingiza kidole chini ya ukosi, kisogoni. Penye joto na pakavu, sawa. Penye unyevu, amevalishwa kupita kiasi. Penye ubaridi, atoke akimbie mita 200 kabla ya kukaa tena. Mikono si kipimo kizuri, maana hupoa kwanza hata mwili ukiwa salama. Usoni hutafutwa madoa meupe yanayong'aa, hasa mashavuni, puani na masikioni. Doa kama hilo hufunikwa kwa kiganja chenye joto hadi rangi irudi. Halisuguliwi, na theluji haipakwi kamwe: ngozi imeanza kuganda, na msuguano huichana.

Mtoto akinyamaza ghafla, achunguzwe kabla ya zamu yake kufika. Anayelalamika baridi bado ana nguvu ya kulalamika.

Mzazi anayevuta aanze akihisi ubaridi kidogo. Baada ya dakika 10 za mwendo kundi linasimama na kila mtu anavua tabaka moja. Kusimama huku kunawachosha wasiozoea, lakini ndiko kunakoamua usiku utakuwaje, kwa kuwa nguo iliyolowa jasho saa 5 asubuhi haitakauka ndani ya hema.

Theluji mpya ya sentimita 25 imepunguza mwendo hadi zaidi kidogo ya kilomita 1 kwa saa, mapumziko yakiwemo. Wote wanaotembea wana viatu vipana vya theluji. Anayetangulia ndiye anayekanyaga njia, na kazi yake ni nzito kuliko ya wote. Wazazi wanapokezana kila dakika 15, sledi nyepesi ikienda na aliye mbele. Kila dakika 45 kuna kitu cha kutafuna: karanga, jibini, chokoleti. Chakula cha mafuta ni kuni za mwili, na mtoto aliyekula hupata joto la mikono bila kubadilisha glavu. Supu ipo kwenye chupa ya chai. Chupa za maji zimegeuzwa mdomo chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu. Zikigeuzwa hivyo, mdomo hubaki wazi.

Kuondoka saa 3 asubuhi, kufika ukingoni mwa ziwa saa 8 mchana. Saa ya kugeuza ilikuwa saa 7: kama nusu ya njia isingekuwa imeshapita, msafara ungerudi kwenye nyayo zake. Saa hiyo huwekwa asubuhi, vichwa vikiwa vimetulia, na haijadiliwi upya njiani.

Kabla ya kusimamisha hema, eneo lote linakanyagwa kwa viatu vya theluji, kisha linaachwa nusu saa ligande. Asiyesubiri hulala juu ya sakafu inayobonyea kila anapoweka goti, na mashimo hayo huganda hivyo hivyo hadi asubuhi. Vigingi vya kawaida havishiki theluji. Badala yake fimbo fupi hufungwa kamba katikati, hulazwa ndani ya mfereji wa sentimita 30 na kufukiwa. Baada ya dakika 20 haing'oki hata kwa nguvu.

Maji ndiyo yanayokula muda. Watu wanne, pamoja na mapishi, wanahitaji si chini ya lita 10 kwa siku. Ndoo ya lita 10 iliyojaa theluji mpya hutoa lita moja tu ya maji, mara nyingi nusu yake. Kuyeyusha kilo moja ya barafu hula moto karibu sawa na wa kupasha kilo moja ya maji kutoka 0°C hadi 80°C, kwa hiyo mafuta ya jiko yahesabiwe mara mbili ya yale ya safari za kiangazi. Sufuria huanza na vidole viwili vya maji chini, ndipo theluji iongezwe kidogo kidogo. Ikijazwa theluji tupu, tabaka la chini huyeyuka na maji kunyonywa na theluji ya juu, chini pakabaki pakavu na sufuria ikaungua. Maji ya namna hiyo hunuka moshi, na watoto huyakataa.

Mitungi midogo ya gesi huleta shida nyingine. Butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka chini ya −0.5°C, isobutani karibu na −12°C. Propani huendelea hadi −42°C. Mtungi wenye mchanganyiko huwaka vizuri mwanzoni, propani inapotoka, kisha hufifia ingawa ukiutikisa unasikia kimiminika. Kwa baridi hii jiko la mafuta ya kimiminika ndilo la kutegemea. Tahadhari yake ni moja: mafuta hayo hayagandi, yana ubaridi wa hewa ya nje, na tone moja likimwagika kwenye kidole kitupu huweza kuganda ngozi. Jiko linawashwa nje ya hema, kila mara.

Chini ya kila mtu kuna mikeka miwili, kwa sababu joto hutoroka chini kuliko juu. Nguo za kulalia ni jozi kavu ambayo haijavaliwa mchana. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa barabara na kuvikwa soksi, inaingia kwenye mfuko wa kulalia wa kila mtoto nusu saa kabla ya kulala. Uso unabaki nje ya mfuko, kofia kichwani. Pumzi ikiingia ndani hulowesha manyoya, na ikifika alfajiri mfuko umepungua nguvu. Betri za tochi na simu zinalala ndani ya mfuko pia, ila hazichajiwi zikiwa chini ya 0°C, maana betri za lithiamu huharibika zikichajiwa katika baridi hiyo.

Siku ya 3: juu ya ziwa, kilomita 2. −15°C, upepo kilomita 20 kwa saa

Msituni −15°C ni tulivu. Ziwani ni siku nyingine kabisa. Kwa kipimo cha baridi ya upepo kinachotumika Kanada na Marekani tangu 2001, −15°C na upepo wa kilomita 20 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kama −24°C isiyo na upepo. Kikifika −28, ngozi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kwa hiyo nguo za upepo zinavaliwa ukingoni, kabla ya kutoka chini ya miti. Mtoto wa kwenye sledi amegeuzwa ili upepo umpige mgongoni, na kitambaa cha kuzuia upepo kimenyanyuliwa.

Barafu inapimwa kwa kekee ya mkono. Tundu la kwanza ni hatua chache kutoka ukingoni, kisha kila mita 50, na karibu zaidi panapotiliwa shaka. Sentimita 10 za barafu safi ngumu, ile inayoonekana nyeusi, ndizo kiwango cha chini kwa mtu anayetembea. Sentimita 5 au pungufu, hakuna anayekanyaga. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda ikiwa na mapovu, ina nguvu kama nusu tu ya nyeusi, kwa hiyo huhitaji unene maradufu. Matundu ya leo yanaonyesha sentimita 30 za nyeusi na 8 za nyeupe juu yake.

Unene wa tundu moja lakini hausemi habari za ziwa zima. Barafu huwa nyembamba panapoingia mto na panapotoka, kwenye mlango mwembamba kati ya visiwa, penye matete, kando ya miamba na nguzo za gati, na chini ya lundo la theluji lililoikinga na baridi. Ramani ilisomwa jana jioni kwa ajili ya hilo tu, na njia imepinda mita 300 kukwepa mdomo wa kijito.

Kila mtu mzima amening'iniza shingoni vishikio viwili vyenye misumari, na aliye nyuma ana kamba ya mita 20. Umbali kati ya watu ni mita 10. Mikanda ya mtoto kwenye sledi imefunguliwa, na mkanda wa kiunoni wa mvutaji ni wa kufunguka kwa mkono mmoja. Juu ya barafu hakuna kinachofungwa kikakazwa. Nguo kavu ziko ndani ya mfuko usiopitisha maji mgongoni, na hewa iliyomo husaidia kuelea.

Anayetumbukia ana mpangilio wa muda unaofaa kukumbukwa, uliotangazwa na Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba kama 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi inayokuja kwa kasi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Kwa hiyo dakika ya kwanza ni ya kupumua tu. Kisha mtu ageukie alikotoka, kwa kuwa barafu ya huko ilimbeba, achomeke misumari, apige miguu hadi mwili ulale sawa na uso wa maji, ajivute kwa tumbo, na akitoka abingirike. Asisimame kabla ya kufika mbali na ukingo wa tundu. Mtoto wa miaka 9 amefanya zoezi hili akiwa amelala kifudifudi juu ya barafu nene, misumari mkononi, na kwake ulikuwa mchezo mzuri wa asubuhi.

Barafu inanguruma. Joto linapobadilika, barafu hutanuka au kusinyaa na kupasuka nyufa ndefu zenye mlio mkubwa. Mlio huo peke yake si dalili ya udhaifu, na watoto waambiwe mapema wasije wakaogopa.

Kibandani saa 7 mchana, ndani −9°C. Kabla ya moto, dohani inakaguliwa: kofia ya juu haijazibwa na theluji, kilango cha hewa kimefunguliwa. Magogo manene mawili chini, membamba juu yake, vijiti na karatasi juu kabisa, na moto unawashwa juu. Unashuka wenyewe, na kwa kuwa moshi unapita kwenye mwali, mwingi unaungua. Kuni kavu zina unyevu chini ya asilimia 20: ncha zimepasuka, na zikigonganishwa hutoa mlio mkavu. Kuni mbichi hutoa moshi baridi unaopaka lami ndani ya dohani, na lami hiyo ndiyo inayowaka siku mbaya ikifika. Hewa inapata joto ndani ya saa moja, kuta na magodoro baada ya saa nyingi, kwa hiyo masweta hayavuliwi bado. King'ora cha kaboni monoksaidi kimetundikwa karibu na vitanda. Majivu yanaingia kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na kukaa nje, mbali na mbao. Makaa huweza kubaki hai ndani yake siku kadhaa.

Siku ya 4: mchezo. −14°C, mawingu, theluji nyororo

Mteremko wa sledi umechaguliwa kwa kuangalia chini kwanza: tambarare ndefu ya kusimamia, bila mti, bila uzio, bila maji. Urefu wa kuteleza ni mita 30, na tambarare ni zaidi ya hapo. Watoto wanateleza wamekaa, miguu mbele, kofia ngumu kichwani. Wanaopanda wanapita pembeni. Anayelala kifudifudi kichwa mbele anatanguliza fuvu, hivyo hairuhusiwi hata mara moja. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 inaachwa kabisa, na hakuna kucheza chini yake, kwa kuwa humo ndimo maporomoko mengi ya theluji huanzia.

Nyumba ya theluji inaanza asubuhi na kuchimbwa alasiri. Theluji inarundikwa hadi mita 2 kwenda juu na mita 3 hadi 4 kwa upana, ikichanganywa kwa koleo kila mara. Kisha inaachwa saa 2 au zaidi. Chembe zilizovunjika hushikana zenyewe, na lundo lililokuwa vumbi linakuwa gumu kiasi cha kukatwa. Vijiti 30 hivi vya sentimita 30 vinachomekwa toka nje, vyote vikielekea katikati. Anayechimba ndani akiona ncha ya kijiti, anaacha hapo: ukuta umebaki sentimita 30. Bila vijiti hivyo kila mtu huchimba kupita kiasi upande mmoja, na paa huanguka upande huo. Mlango uwe chini kuliko kitanda cha theluji ili hewa baridi ishuke, na tundu la hewa, pana kama ngumi, litobolewe juu. Ndani joto hukaa karibu na 0°C hata nje ikiwa −20°C.

Anayechimba ni mtu mzima, na mwingine yuko nje na koleo muda wote. Theluji iliyoanguka ni nzito, na mtu aliyefukiwa hawezi kujitoa. Hakuna anayepanda juu ya paa. Malundo yanayosukumwa na magari ya kusafisha barabara hayachimbwi hata kwa mchezo.

Mchimbaji atalowa jasho, na ndiye mtu wa pili wa kuangaliwa leo baada ya mtoto mdogo. Avae jaketi la nje juu ya nguo ya ndani tu, abadilishe mara amalizapo.

Alasiri mawingu yanadondosha theluji ya nyota, na kitambaa cheusi kilichotandikwa nje tangu asubuhi kinaikusanya. Kitambaa kitokacho ndani huyeyusha kila kitu. Kwa lenzi ya mkono, na pumzi ikizuiwa, mikono sita ya nyota inaonekana wazi. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, Marekani, alipiga picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji kwa hadubini tarehe 15 Januari 1885. Mwanafizikia Ukichiro Nakaya alitengeneza chembe hizo maabara huko Hokkaido, Japani, mwaka 1936, na kuonyesha kwamba umbo hufuata joto na unyevu: karibu na −5°C huwa sindano, karibu na −15°C nyota zenye matawi. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuandika umbo na saa, na daftari hilo linakuwa habari za wingu lililo juu yake. Ni mchezo usiotoa jasho wala kuhitaji nguvu, na unafaa sana saa ambayo miguu imechoka.

Jioni ndoo ya maji inawekwa nje. Hadi asubuhi pembeni na juu pameganda, katikati bado maji. Ikigeuzwa na kumwagwa, inabaki taa ya barafu ya kuwekea mshumaa.

Siku ya 5: +1°C, mvua ya theluji

Hii ndiyo siku ya hatari zaidi ya safari, ingawa kipimajoto kinapendeza. Theluji inayoyeyuka hupenya jaketi, manyoya yakilowa hugandamana, na maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa. Mtoto aliyelowa kwenye +1°C na upepo hupoa upesi kuliko mkavu kwenye −12°C. Joto la mwili likishuka chini ya 35°C hatari imeshaingia, na dalili huanza kabla ya kipimo: anadondosha vitu, anajikwaa, maneno yanavurugika, ananuna bila sababu. Kutetemeka kukikoma bila ya kupata joto, hali imezidi. Nguo zilizolowa zivuliwe, akaushwe, akumbatiwe ndani ya mfuko wa kulalia, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu na anameza vizuri.

Msafara hauondoki. Theluji ya leo ina unyevu na inashikana, tofauti na ile ya −14°C iliyokuwa ikimwagika vidoleni, kwa hiyo ndiyo siku ya kuviringisha mtu wa theluji. Dakika 40 nje na nguo za mvua za plastiki, kisha ndani. Nyumba ya theluji imefungwa kwa fimbo mlangoni: paa lake limeanza kubonyea, na hakuna anayeingia tena.

Mchana wote ni wa kukausha. Glavu zinaning'inia juu, mita moja kutoka kwenye jiko, mdomo chini. Soli za ndani za buti zinatolewa. Ngozi haikaribishwi motoni, maana hukakamaa na kupasuka.

Siku ya 6: kurudi, kilomita 8. −9°C, jua

Usiku umegandisha juu, lakini kuna mtego ziwani. Uzito wa theluji iliyolowa umeikandamiza barafu, maji yamepanda kupitia nyufa, na sasa yamelala kati ya barafu na theluji bila kuganda kwa sababu theluji inayakinga. Juu panaonekana peupe na sawa; mguu ukizama ni tope la maji hadi kifundoni. Barafu ya chini bado nene, lakini buti zimelowa, na sledi ikiguswa na maji hayo huganda chini na kukwama. Njia imehamishiwa upande ambao upepo ulifagia theluji, fimbo ikichomekwa mbele kila hatua chache, na matundu ya kekee yakarudiwa. Sledi iliyonata hugeuzwa na kukwanguliwa papo hapo, kabla barafu haijawa ngumu.

Jua juu ya theluji ni kali kuliko wengi wanavyodhani: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na macho huungua bila maumivu hadi saa kadhaa baadaye. Wote wana miwani ya jua inayofunika pembeni, na mafuta ya kukinga jua yamepakwa hata chini ya kidevu na ndani ya pua.

Msituni njia ya siku ya 2 imeganda ikawa ngumu. Mtoto wa miaka 9 anatembea bila viatu vya theluji, sledi zinafuata mfereji wake, na kilomita 6 zinakwisha ndani ya saa 3 na nusu. Bomba la moshi la gari linafukuliwa kwanza, theluji ya paani inaondolewa yote isije ikateremkia kioo cha mbele wakati wa kufunga breki, halafu injini.

Nyumbani mifuko ya kulalia isirudishwe kwenye mifuko yake midogo. Itundikwe wazi siku mbili, ikigeuzwa ndani nje, kwa sababu unyevu wa pumzi na jasho umekaa ndani ya manyoya hata kama nje pamekauka. Hema lifunguliwe lote, kekee ifutwe na kupakwa mafuta kwenye makali, na kamba ya mita 20 ifunguliwe mafundo kabla ya kuviringishwa.